Puto Likitoweka Nyuma ya Mlima: Ufuatiliaji wa Maputo ya Anga za Juu kwa Redio ya Ridhaa katika Eneo la Arusha na Mlima Meru

Puto la anga za juu, kwa maana inayotumika katika uchambuzi huu, ni puto la mpira mwembamba lililojazwa heliamu au haidrojeni, ambalo hubeba mzigo wa gramu mia chache hadi kilo moja au mbili, hupanda kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde huku likitanuka kadiri mgandamizo wa hewa unavyopungua, na hatimaye hupasuka lifikapo kilomita 30 hivi kutoka usawa wa bahari, ndipo mzigo wake unaposhuka kwa mwavuli. Redio ya ridhaa nayo ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na mikataba ya kimataifa, ambayo watu wenye leseni huitumia kujifunza na kufanya majaribio bila malipo, kila mmoja akiwa na alama yake ya wito, ambayo kwa kawaida Tanzania huanza kwa 5H na Kenya kwa 5Z. Mambo haya mawili yakikutana huzaa kazi yenye sehemu mbili zisizolingana kwa ugumu: kulifuatilia puto likiwa juu, na kuupata mzigo ukishatua. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani huipa uzito sehemu ya kwanza, na huko kwenye ardhi tambarare, ambako kila mji una wasikilizaji wake, huenda hilo linatosha. Anayelitazama suala hili kutoka Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi chini ya mlima wa mita 4,566, analazimika kuugeuza uzito huo, kwa sababu katika eneo hili puto husikika mbali kupita kiasi wakati hakuna anayelitafuta, na hunyamaza pale hasa linapotafutwa.

Ugumu wa kuupata mzigo ulianza katika ukanda huu kabla redio haijapandishwa angani. Mwaka 1908 msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Arthur Berson, mtaalamu wa hali ya hewa wa kituo cha Lindenberg, ulirusha maputo katika eneo la Ziwa Viktoria yakiwa na vyombo vilivyojichorea vyenyewe vipimo vya joto na mgandamizo wa hewa. Kwa kuwa vipimo hivyo vilibaki ndani ya chombo mpaka kiokotwe, safari ambayo mzigo wake haukupatikana ilikuwa sawa na safari ambayo haikufanyika. Vile vilivyopatikana vilitosha kuwashangaza wanasayansi wa wakati huo: juu ya ikweta, mahali penye jua kali kuliko pote, vilionyesha baridi iliyovuka nyuzi 80 chini ya sifuri, na mwendo wa maputo ukaonyesha upepo uliovuma kutoka magharibi kwenye kimo cha kilomita 20 hivi, ilhali vumbi la mlima Krakatoa uliolipuka mwaka 1883 lilikuwa limewaaminisha watu kwamba upepo wa huko juu hutoka mashariki. Mkanganyiko huo ulieleweka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipobainika kwamba pepo za stratosfia, yaani tabaka la angahewa lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua, hugeuka juu ya ikweta kutoka mashariki kwenda magharibi na kurudi tena kwa mzunguko wa wastani wa miezi 28. Pande zote mbili zilikuwa sahihi, kila upande kwa wakati wake.

Redio ilikuja kuondoa ulazima wa kuokota. Robert Bureau nchini Ufaransa mwaka 1929, na Pavel Molchanov katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1930, walirusha vyombo vilivyotuma vipimo kwa mawimbi papo hapo, na vyombo vya aina hiyo, viitwavyo radiosondi, ndivyo vinavyotumiwa na mamlaka za hali ya hewa hadi leo. Kituo cha Dagoretti Corner jijini Nairobi ni mojawapo ya vituo vinavyovirusha, na tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikipima pia hewa ya ozoni kwa maputo, kwa ushirikiano wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wenzao wa Uswisi. Mamlaka hizo zikishapokea takwimu kwa kawaida hazina haja ya kukifuata chombo, kwa hiyo kikianguka porini kimeanguka. Kundi la wanafunzi au wanaredio wa ridhaa haliwezi kufanya hivyo: picha zilizohifadhiwa ndani ya kamera, sampuli za vumbi na mbegu, na vifaa vilivyonunuliwa kwa michango vinapaswa kurudi nyumbani. Kwa maana hiyo mwanaredio wa ridhaa, pamoja na teknolojia yake yote, amerudishwa kwenye tatizo la Berson.

Mpangilio wa vifaa vyenyewe hauhitaji maelezo marefu. Kwenye mzigo huwekwa kipokezi cha GPS, kompyuta ndogo, transmita yenye nguvu ya sehemu ndogo ya wati, na betri za lithiamu, ambazo hustahimili baridi kuliko betri za kawaida. Kipokezi cha GPS kinahitaji uangalifu mmoja unaosahaulika, nao ni kwamba vipokezi vingi vimetengenezwa vikatae kufanya kazi juu ya kilomita 18, kutokana na kanuni za zamani za kuzuia matumizi yake kwenye makombora, hivyo hutafutwa aina inayoruhusu kuwekwa katika hali ya matumizi ya angani. Masafa yanayotumika zaidi ni ya megahezi 144 na megahezi 430 na ushee. Barani Afrika na Ulaya megahezi 144.800 ndiyo masafa ya APRS, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Bob Bruninga, ambao hutuma mahali kilipo chombo kwa pakiti fupi za takwimu. Mvuto wa APRS katika nchi zilizoendelea ni kwamba watu wa kujitolea wameweka kila mahali vituo vya kupokea pakiti hizo na kuzipeleka kwenye intaneti, kiasi kwamba mfuatiliaji anaweza kukaa nyumbani akatazama ramani. Afrika Mashariki vituo hivyo ni vichache na viko mbalimbali. Kikundi cha Arusha kinachotegemea ramani ya intaneti peke yake kinategemea kitu ambacho hakijajengwa, na ni lazima kibebe kipokezi chake ndani ya gari. Jambo hili kwa bahati nzuri limekuwa rahisi tangu mwaka 2012 hivi, ilipogunduliwa kwamba vifaa vidogo vya kupokelea televisheni kwenye kompyuta vinaweza kugeuzwa kwa programu kuwa vipokezi vya karibu masafa yote.

Mawimbi ya masafa hayo husafiri takriban kwa mstari ulionyooka na hukatwa na umbo la dunia, hivyo umbali wa kusikika hutegemea kimo. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kutafuta kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, kisha kuzidisha kwa 4.12, na jibu huwa ni kilomita. Puto lililo mita 28,600 juu ya ardhi ya Arusha, yaani kilomita 30 kutoka usawa wa bahari, husikika kwa kanuni hiyo hadi umbali wa karibu kilomita 700, umbali unaoimeza Nairobi, Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na Mombasa kwa pamoja. Lakini mzigo uleule ukishashuka hadi mita 200 juu ya ardhi, upeo wake unabaki kilomita 58. Na ukishalala kwenye nyasi, antena ikiwa imeelekea ardhini, mtu aliye umbali wa kilomita mbili anaweza asisikie chochote. Hayo ni mahesabu ya ardhi tambarare. Hayajauhesabu mlima.

Kilele cha Meru kiko umbali wa kilomita 15 hivi kaskazini-kaskazini mashariki mwa katikati ya jiji, na kwa kuwa kimeinuka zaidi ya mita 3,100 juu ya jiji, anayesimama mjini hukiona kwa pembe ya karibu nyuzi 12 kutoka usawa wa upeo. Pembe hiyo inaonekana ndogo mpaka ihesabiwe: puto lililo nyuma ya kilele kwa umbali wa kilomita 100 kutoka mjini hufichika likiwa bado kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 20, yaani sehemu kubwa ya safari yake ya kushuka hufanyika ndani ya kivuli cha mlima. Kuelekea Longido, moja kwa moja kaskazini, kinachokinga ni bega la magharibi la mlima na hali inakuwa nafuu, ingawa hata huko mawimbi hukatika mzigo ukiwa kilomita kadhaa juu ya ardhi. Mzigo unaonyamaza ukiwa kilomita 5 juu ya ardhi una dakika 12 hadi 15 za kuendelea kushuka, na upepo wa mita 8 tu kwa sekunde utausogeza kilomita 6 au 7 kutoka mahali uliposikika mara ya mwisho. Ramani itaonyesha nukta moja, na watafutaji watakabiliwa na pori la makumi ya kilomita za mraba lenye makorongo na migunga.

Upepo, kwa upande mwingine, ni rafiki wa eneo hili kuliko inavyodhaniwa. Katika nchi za kaskazini wakati wa baridi, mikondo ya anga ya kilomita 10 huweza kulipeleka puto kilomita mia kadhaa kwa safari moja, ilhali karibu na ikweta pepo za tabaka hilo huwa tulivu zaidi. Kutoka Arusha, puto hutumia dakika 95 hivi kupanda hadi kilomita 30, na mzigo hutumia nusu ya muda huo au pungufu kushuka, kwa kuwa huko juu hewa ni nyembamba mno na mwavuli haushiki. Kwa upepo wa wastani wa mita 10 kwa sekunde, safari nzima huishia umbali wa kilomita 80 au 90. Mwelekeo hutegemea msimu, kwani kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kuusukuma mzigo kuelekea Longido na Ziwa Natron, na kaskazi huusukuma kuelekea Monduli, Makuyuni na bonde la Manyara, huku tabaka la stratosfia likiongeza au kupunguza mwendo kulingana na zamu iliyopo ya ule mzunguko wa miezi 28. Hii ina maana kwamba makadirio yaliyofaa mwaka mmoja yanaweza kukosea mwaka unaofuata katika mwezi uleule, na anayepanga safari kwa kumbukumbu ya safari iliyopita badala ya utabiri wa siku yenyewe atakwenda kungoja upande usiofaa. Kuna pia jambo dogo la mwinuko: hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo mwavuli uliopimwa kutua kwa mita 5 kwa sekunde usawa wa bahari hutua hapa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 7 hivi.

Kilomita ya mwisho ina ujuzi wake, na ujuzi huo haupaswi kuagizwa kutoka nje. Antena yenye vijiti kadhaa vilivyopangwa sambamba, iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1920 na kujulikana kwa jina la Yagi, husikia kwa nguvu upande inakoelekezwa na kwa udhaifu pande nyingine. Anayeitumia huigeuza polepole, huweka alama ya mwelekeo wenye sauti kubwa kwenye ramani, huhamia mahali pengine na kurudia, na mistari hiyo inapokutana ndipo mzigo ulipo. Karibu na mzigo, ambako sauti inakuwa kubwa kila upande, fundi mzoefu huiondoa antena na kukigeuza kipokezi pembeni ya mwili wake, ili mwili wenyewe uzuie mawimbi na kuonyesha upande. Watafiti wa wanyamapori wamekuwa wakifanya kazi hiyohiyo nchini kwa miongo mingi: simba wa Serengeti walianza kufuatiliwa kwa kola za redio mwaka 1984, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ina makao yake makuu Arusha. Mtu aliyewahi kumtafuta simba jike kwenye vichaka kwa antena ya mkononi hana la kufundishwa kuhusu kutafuta sanduku la povu lisilohama wala kung'ata, na ni ajabu kwamba fani hizi mbili huzungumzwa kana kwamba hazina undugu.

Baada ya hesabu zote hizo, hata hivyo, anayeufikia mzigo kwanza mara nyingi ni mtu aliyekuwepo hapo tangu asubuhi. Mwezi Januari mwaka 2018 puto la mradi wa Loon, uliokuwa chini ya kampuni ya Alphabet inayomiliki Google, lilianguka katika kaunti ya Meru nchini Kenya, kwenye eneo la Igembe, na umati ukakusanyika kukitazama kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameambiwa kingekuja. Loon ilianza huduma ya kibiashara ya intaneti nchini Kenya Julai 2020 kwa maputo 35 hivi yaliyoelea kilomita 20 juu na kuhudumia eneo la takriban kilomita za mraba 50,000, yakijiongoza kwa kupanda na kushuka kati ya matabaka ya upepo yanayovuma pande tofauti, ambayo ni pepo zilezile za Berson. Mwezi Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa. Kampuni yenye fedha, wahandisi na vibali iliweza kujua puto lake litatua wapi, lakini hofu ya watu wa Igembe haikutibiwa na ujuzi huo. Kikundi kidogo chenye sanduku la gramu 800 kina sababu zaidi ya kuanza na watu. Sanduku linapaswa kuandikwa kwa Kiswahili sanifu, na kwa Kimaasai pale linapoelekea mbugani, kwamba ni chombo cha masomo, hakilipuki, hakina sumu, na namba ya simu ya kupigwa. Watendaji wa vijiji vilivyo kwenye njia iliyotabiriwa wapewe taarifa siku moja kabla. Na aliyelipata aje apokewe kwa heshima na asante inayoshikika, kwa kuwa mchungaji aliyeacha ng'ombe kulinda sanduku la mgeni amefanya kazi.

Upande wa sheria una milango zaidi ya mmoja. Masafa na leseni za redio ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anga iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hulihesabu puto lisilo na mtu kuwa jepesi iwapo mzigo wake wote haufiki kilo 4, mradi uzito mkubwa haujasongamana kwenye eneo dogo, na daraja hilo hubeba masharti machache kuliko mengine. Uchache wa masharti hauondoi haja ya taarifa katika eneo lenye uwanja wa Kisongo upande wa magharibi wa jiji na Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro upande wa mashariki, ambako ndege ndogo za watalii na ndege kubwa za kimataifa hupishana siku nzima. Mzigo ukitua ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, idhini ya kuingia na kutoka nje ya barabara ni ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Ukitua ng'ambo ya mpaka wa Namanga, anayeufuata akiwa na transmita anaingia chini ya mamlaka za Kenya, pamoja na ushuru wa forodha na maswali yake, hata kama makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha kwenyewe. Safari ya msimu wa kusi inayokadiriwa kuishia karibu na mpaka ni afadhali iahirishwe.

Yapo pia maputo madogo sana, yenye mzigo wa gramu 10 hadi 20, ambayo huelea kwenye kimo cha kilomita 12 hivi kwa nguvu ya jua na kuizunguka dunia kwa wiki kadhaa, yakituma ishara hafifu za masafa mafupi kwa mtindo wa WSPR uliotungwa mwaka 2008 na Joe Taylor, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993. Hayo hayakusudiwi kurudi, na kisa cha Februari 2023, ambapo puto la klabu moja ya Illinois lilinyamaza karibu na Alaska siku zilezile ndege za kivita za Marekani zilipokuwa zikiangusha vitu visivyotambuliwa, kinaonyesha kwamba hata gramu chache zinaweza kuzua taharuki. Kwa kikundi cha Arusha aina hii ni njia nafuu ya kujifunza kufuatilia. Haifundishi kuokoa.

Njia bora ya kuanza haihitaji puto hata moja. Radiosondi za kawaida hutuma mawimbi kati ya megahezi 400 na 406, na chombo kinachorushwa kutoka Dagoretti Corner, kilomita 230 hivi kaskazini, kikifika kilomita 30 kinakuwa nyuzi 6 hivi juu ya upeo wa Arusha. Kwa hesabu, msikilizaji wa mjini atakikuta kikipita juu kidogo tu ya bega la Meru na atakipoteza mara kinapoanza kushuka, na msikilizaji wa Oldonyo Sambu au Longido atakifuata kwa muda mrefu zaidi. Vikundi viwili vikisikiliza chombo kimoja na kuandika dakika ambayo kila kimoja kilikipoteza, kivuli cha mlima kitakuwa kimepimwa bila kununua heliamu, gesi ambayo ni ghali madukani ingawa watafiti walitangaza mwaka 2016 kwamba ipo kwa wingi chini ya ardhi ya Rukwa. Vipimo hivyo vikionyesha kile ambacho jiometri inakitabiri, basi fedha ya kwanza ya kikundi chochote cha Arusha inapaswa kwenda kwenye kituo cha pili cha kusikilizia upande wa kaskazini wa mlima, na ya pili kwenye nauli ya kwenda kuongea na vijiji, kabla ya transmita bora na kabla ya puto lenyewe.